Taa Nyekundu za Lori

Pale kijiweni walimwita Kona, kwa jinsi alivyoilaza pikipiki kwenye mizunguko ya barabara ya mlimani huku abiria akisali kila sala anayoijua. Jina lilimkaa vizuri. Asichokijua mtu, hata mkewe, ni kwamba kwa mwaka wa pili sasa, jua likishazama, macho yake yalikuwa hayamfai kitu. Taa za magari zilimmwagikia usoni kama maziwa, ukingo wa barabara ukapotea. Kwa hiyo kila jioni hakukosa kisingizio cha kutobeba abiria: mara breki, mara mgongo.

Siku moja visingizio vilimwishia. Mama mkwe wake, mpishi wa shule iliyoko chini ya mlima, alikuja kumwona mjukuu mchanga. Mazungumzo yakanoga, giza likaingia, na alfajiri alitakiwa kuwasha majiko.

"Wasiwasi wa nini, mama?" mkewe alisema, mtoto kifuani. "Si una mkwe dereva?"

"Hamna shida," Kona akajibu, akaenda kuwasha pikipiki.

Mizunguko mitatu ya kwanza aliipita kwa kukariri. Wa nne, tairi la mbele likaonja kokoto za pembeni. Bahati yake, lori likawapita, na nyuma lina taa mbili nyekundu. Akaling'ang'ania. Likipinda, anapinda, likipunguza, anapunguza.

"Mbona leo mwendo wa kobe?" mama mkwe aliuliza kwa nyuma.

"Nimekubeba wewe, mama. Siwezi kukurusha kama gunia."

"Mungu akubariki, mwanangu. Binti yangu kapata mtu."

Lori lilikata kushoto, naye Kona akakata. Njia ikawa ya mashimo, akadhani lami inakarabatiwa. Lori likasimama, akasimama nyuma yake. Taa nyekundu zikazimika. Mbwa akabweka.

"Nyie ni nani?" dereva wa lori alifoka akishuka. "Mbona mnanifuata mpaka nyumbani kwangu?"

Taa ya barazani ikawashwa. Mke wa dereva akatoka na mwiko mkononi. Kona akababaika, akasema anatafuta njia ya shuleni.

"Shuleni? Umepita kibao kikubwa kama mlango!" dereva alisema.

Mama mkwe aliteremka. Akasogea kando, penye kivuli, hatua tano hivi.

"Nimeinua vidole vingapi?"

"Mama, tafadhali..."

"Vingapi?"

"Vitatu."

Hakuinua hata kimoja. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika mkoba. Dereva wa lori alicheka mpaka akaegemea tairi, halafu akaona uso wa yule mama, akanyamaza.

"Usiku ule wa kujifungua," mama mkwe aliuliza polepole, "binti yangu nani alimpeleka hospitali?"

"Mimi."

"Kwa barabara hii?"

Kona aliinamisha kichwa. Safari ile alikuwa ameisimulia kijiweni si chini ya mara kumi, kwa majigambo, na kila aliposimulia alikuwa anaongeza mwendo.

"Mimi sitamwambia," mama mkwe alisema. "Utamwambia mwenyewe."

Dereva wa lori alimpeleka mama mkwe shuleni. Kona aliikokota pikipiki kupanda mlima, akafika nyumbani kumepambazuka. Siku mbili alizunguka na maneno mdomoni. Ya tatu, akiwa amempakata mtoto, akamweleza mkewe yote. Mke hakugomba. Alinyanyuka, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwake, akaenda naye chumbani. Afadhali angetukanwa.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, akamfanyia upasuaji, jicho moja kisha la pili. Sasa anaona vizuri. Mkewe alirudi kucheka naye, japo ilichukua miezi. Lakini mama mkwe akija kuwatembelea huaga saa tisa mchana, jua bado kali. Hajawahi kusema kwa nini, na Kona hajathubutu kumwomba akae kidogo.