Walii wa Radhiya

Watu wa Amu walimjua Mwanamkisi kwa kofia. Alizitoboa vitobo vidogo vidogo akavizungushia uzi, na mumewe Madi akazipeleka kuuza mpaka Kiunga, akijisifu njia nzima kana kwamba sindano ameishika yeye. Lakini hata Madi hakujua kwamba mwaka ule wa hamsini na sita mkono uleule ulikuwa ukiandika kisa cha mahaba, kwa herufi za Kiarabu, katika daftari.

Na kisa chenyewe! Radhiya, msichana wa siku hizi, anatia mkono katika kidaka cha ukutani kutafuta kitana. Mara anavutwa mzima mzima, anatokea Pate ya miaka mia mbili nyuma, mbele ya kijana mzuri hata kitana anakisahau. Mwanamkisi hakuthubutu kusema ni chake. Mwanamke wa heshima, atunge mahaba? Angechekwa mji mzima. Basi wanawake waliokuja kushona kwake kila Jumatatu akawaambia ameazimwa daftari na jamaa wa Wiyoni, akawasomea.

Sindano zilisimama. Kadija, mdogo wao, alijichoma kidole asisikie. Kijana alipoleta posa, wakapiga vigelegele kama waliokwenda kualika watu wa harusi wenyewe, na Mwanamkisi akainamia daftari kuificha furaha yake.

"Ngoja!" akasema Bi Kulthum, mkubwa wao. "Walii wake wa kumwoza ni nani? Babake hayazawa! Babuye pia hayazawa! Harusi bila walii ni karamu bila wali!"

Ukumbi ukawaka moto. Mmoja akasema mapenzi hayangoji baba azaliwe. Mwingine akamwambia astaghfiru. Kadija naye akazusha lake: "Na akirudi huku? Mumewe si amekufa zamani? Atakaa eda ama hatakaa?"

"Kisa kizuri, lakini nikaha batili," Bi Kulthum akakata shauri. "Kama batili, sisikizi tena. Lete daftari, nimpelekee ndugu yangu aamue."

Mwanamkisi akalivuta daftari karibu yake. Ndugu yake Bi Kulthum alikuwa Maalim Abdulhadi, yeye ndiye aliyemfundisha Mwanamkisi kuandika katika chuo cha Kurani, na kwa miaka mitatu alimchapa vidole kwa sababu ya herufi yake ya kafu iliyopinda. Angeujua mwandiko ule hata gizani. Lakini atakataa vipi? Daftari la watu wa Wiyoni lina siri gani? Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Akalitoa.

Wiki ile aliharibu kofia mbili. Kila mtu alipobisha hodi, Mwanamkisi alidhani ni Maalim amekuja kumshtaki kwa Madi.

Jumatatu Bi Kulthum akaingia na daftari kwapani. "Ameandika jawabu pembeni. Macho yangu hayaoni tena. Soma wewe."

Mwanamkisi akafungua. Wino mwekundu, mwandiko wa Maalim. Akasoma: "Mwanamke asiye na walii huozwa na kadhi. Nikaha imesihi. Ama eda, ilikwisha kabla yeye mwenyewe hajazaliwa."

Nyumba ikalipuka! Kadija akarusha uzi juu, vigelegele vikasikika mpaka nyumba ya pili. Bi Kulthum alicheka huku akijifuta machozi. Lakini Mwanamkisi hakucheka, macho yake yamenasa chini ya ukurasa.

"Kuna zaidi?" Bi Kulthum akauliza. "Soma yote."

Angeweza kufunga daftari. Alitamani kulifunga. Ila alikuwa amechoka na Wiyoni.

"Mwanamkisi," akasoma polepole, "kafu yako ingali imepinda. Kurasa zilizobaki ziko wapi? Nataka kujua kama alirudi."

Wakamtazama yeye, wakatazama daftari, wakamtazama tena.

"Kumbe Wiyoni ni hapa hapa!" Bi Kulthum akapasua. "Wewe! Na ulivyotutazama, mkavu!"

Mwanamkisi akajifunika uso kwa mtandio, akilia na kucheka pamoja. Alipoufunua, Kadija alikuwa amekwisha kumnyang'anya kofia na kumtia kalamu mkononi.

"Yeo hushoni. Keti uandike."

Akakaa. Wote wakamzunguka, naye akaandika mstari wa kwanza.

"Na kadhi wa kumwoza," Bi Kulthum akasema, akiinama karibu na karatasi asiyoweza kuisoma, "muite Abdulhadi."