Odio Niliyoituma Fataki

Niliondoka Bunia siku ya Ijumaa kwenda kumtafuta mdogo wangu Furaha, ambaye nilikuwa nimemkimbiza nyumbani kwake mimi mwenyewe, kwa simu.

Jumanne ya wiki ile, asubuhi, nilikuwa kwenye cherehani yangu simu ilipolia. Katika grupu ya kwaya yetu mtu alikuwa ametuma odio. Sauti ya mwanamke ilikuwa inalia: "Bamevuka muto! Mbele ya saa sita bataingia Fataki. Ambieni batu yenu bakimbie!" Nilielewa ni waasi. Furaha ameolewa Fataki, mji mdogo wa kaskazini, na alikuwa na mimba ya miezi minane. Sikuuliza huyo mwanamke ni nani. Nilimtumia odio ile palepale, nikaongeza maneno mawili: "Toka sasa." Niliona alama kwamba ameisikiliza. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Jumatano mwimbaji mmoja akaandika kwamba odio ile ni ya miaka ya nyuma, na kwamba Fataki hakuna kilichotokea. Watu wakamshukuru, wakarudi kwenye habari za mazoezi. Mimi niliendelea kupiga simu hadi Alhamisi jioni.

Saa kumi na mbili asubuhi ya Ijumaa nilipanda pikipiki ya Dieudonné, mtu mzima wa mtaa wetu anayeijua vizuri barabara ya Djugu. Simu yake ameifunga kwenye usukani kwa kipande cha mpira, na humo madereva wenzake walikuwa wanaambiana: hapa iko muzuri, pale ngojeni kwanza. Hadi Iga Barrière nilisikia sauti hizo njia nzima, na kila "iko muzuri" ilinishusha mabega kidogo.

Baada ya Iga Barrière, kwenye mwinuko mmoja mrefu, zikakatika. Dieudonné akasimama, akaiinua simu juu ya kichwa kutafuta mtandao, akaishusha.

"Rezo imeisha, mama. Toka hapa tunaenda na macho tu."

"Zamani mulikuwa munajua aje?"

"Tulikuwa tunauliza ule mwenye anatoka mbele."

Lakini hakuna mtu aliyekuwa anatoka mbele. Barabara ilikuwa nyekundu na tupu. Nyumba tulizozipita hazikuwa na milango wala moshi, na nyasi zilikuwa zimeota hadi vizingitini. Nilishika jaketi la Dieudonné kwa mikono miwili, nikawa nahesabu mikunjo ya shingo yake ili nisitazame pembeni.

Karibu saa nne tulifika kwenye kizuizi. Wamama kama sita walikuwa wamepanga mstari na mizigo yao ya mihogo, na askari mmoja alikuwa anakagua simu. Hakuwa mkali. Aliichukua yangu, akagusagusa, na mara ile sauti ikatoka mbele ya watu wote: "Bamevuka muto!"

Mama mmoja aliutupa mzigo wake chini, akaingia kwenye nyasi mbio. Mwingine alianza kumwita Yesu. Askari mwenyewe aligeuka, akatazama kilima.

"Ni ya zamani!" nilipiga kelele. "Ni bongo, ni uongo mutupu!"

Hakuna aliyenisikia. Ile sauti ilikuwa inalia vizuri kuliko mimi.

"Nani alikutumia hii?" askari akauliza.

"Grupu ya kwaya."

"Na weye ulituma kwa nani?"

"Kwa mudogo wangu. Ndiye ninaenda kutafuta."

Aliifuta odio ile, akanirudishia simu. Yule mama aliyekimbia walimwita, wakamwita tena. Tulipoondoka alikuwa bado hajarudi.

Saa saba tuliingia Fataki. Soko lilikuwa wazi. Watu walikuwa wanauza kabichi na maharagwe, wanabishana, wanacheka. Nyumba ya Furaha ilikuwa na kufuli mlangoni.

Jirani mmoja aliyekuwa anaanika maharagwe aliniambia kwamba Furaha alikimbia Jumanne pamoja na mama mkwe wake, na kwamba asubuhi ile wamemrudisha amebebwa, macho amefumba. "Beko ku kituo cha afya," akasema.

"Iko muzima?"

"Uende kule, mama," akajibu, akainamia maharagwe yake.

Njia ile si ndefu; niliimaliza nikikimbia. Mama Charlotte, mama mkwe wake, alikuwa amekaa nje anafua nguo yenye damu. Hakusimama kunisalimu. "Iko ndani," akasema. "Na mutoto."

Furaha alikuwa amelala, kifuani kuna kitoto kidogo kama kiganja cha seremala. Alinisimulia polepole, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa. Walipovuka kijito simu ilianguka majini. Walijificha kwenye kibanda cha shamba, wakiogopa kurudi kwa kuwa hawakuwa na habari yoyote. Alhamisi mvua ilinyesha, uchungu ukaanza, na Mama Charlotte akampokea mtoto kwa mikono yake.

"Alichelewa kulia, Yaya. Tulingoja, tulingoja." Kisha akanishika mkono. "Asante. Kama haikuwa ile odio yako, siye bote tungekufa."

Mama Charlotte alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amelipita soko asubuhi, alijua kwamba hakuna aliyeingia Fataki. Alinitazama tu, akingoja.

Nikamwambia Furaha. Nilimwambia yote, hadi ile habari ya mazoezi ya kwaya. Aliuachia mkono wangu, akamfunika mtoto kichwa.

"Na siku ingine," akauliza, "kama ni ya kweli, utanitumia?"

Niliivuta shuka, nikamfunika miguu.

Nilirudi Bunia Jumatatu, baada ya muuguzi kutuhakikishia kwamba mtoto ananyonya vizuri. Simu yangu ndogo ya akiba nilimwachia Furaha.

Alhamisi iliyofuata, mchana, odio nyingine iliingia katika grupu. Sauti ya mwanaume, anahema, anaitaja Bule, kijiji kingine cha upande ule. Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kuibonyeza ili niisambaze nilipovizuia. Nikaandika: "Nani ameona kwa macho yake?" Hakuna aliyejibu. Niliona tu kwamba wengine wanaendelea kuisikiliza, mmoja baada ya mwingine.

Sikuituma. Nimejifunza kutompa mtu hofu ambayo sijui imetoka wapi. Lakini Bule sina mtu wa kumpigia, na siku ile nzima nilishona nikiwa nimeiweka simu mapajani, nikiomba kwamba yule mwanaume awe mwongo.