Anwani ya Odalmis

Mtandao wa mtaa wetu hapa mjini Camagüey aliujenga Odalmis, nyaya akazipitisha juu ya mapaa mwenyewe. Kompyuta yake ikiwashwa tu hujichukulia anwani ya kwanza, ambayo kompyuta zote za mtaa hupitia kwake; anayeishika ndiye anayeutawala mtandao. Nenosiri la kuusimamia alimpa mtu mmoja: Yoandri, baba wa ubatizo wa bintiye, ndiyo maana yeye humwita kompadre, naye huitwa komadre.

Juzi umeme ulikatika. Uliporudi, kompyuta ya Odalmis ikakataliwa: anwani imeshachukuliwa. Akamvamia Yoandri nyumbani kwake.

“Kompadre, umeninyang'anya mtandao!”

“Aa, komadre, nimewahi kuwasha tu.”

“Kuwahi nini? Sogea huko!”

Odalmis akafungua maagizo ambayo mashine ya Yoandri huyasoma inapowashwa. Anwani ya Odalmis ilikuwa imeandikwa humo tangu Jumapili, ikingoja umeme ukatike. Muda wa kuandikwa ulionekana pia: Jumapili, saa tisa alasiri, mtoto hajakauka maji ya ubatizo, na Odalmis yuko jikoni, anamkatia Yoandri nyama ya nguruwe ya sherehe.