Macho ya Mshika Bendera

Nyapara alipompasua Mwanya mdomo kwa mpini wa sululu, Bendera alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, na damu hakuiona. Aliona chenga. Zilianza pembeni mwa macho, kama zile za televisheni iliyokosa mawimbi, zikatambaa mpaka katikati. Nyapara na Mwanya wakawa wadogo, wako mbali, kama watu wanaotazamwa kupitia bomba la maji. Mikono yake mwenyewe aliiona imeshika bendera nyekundu, lakini ilikuwa kama mikono ya kuazima. Masikio ndiyo yaliyomwambia kilichotokea.

"Jino langu!" Mwanya alilia.

"Ulikuwa na mwanya, nimekuongezea mlango," Nyapara akasema, akaenda zake.

Kosa la Mwanya lilikuwa kukaa chini kabla ya filimbi ya chakula. Machimboni pale ndivyo mambo yalivyokwenda. Nyundo ilipiga jiwe, Nyapara akampiga mwenye nyundo, na mwenye nyundo akirudi nyumbani naye alitafuta wa kumpiga.

Bendera hakuzaliwa na jina hilo, alipewa na kazi. Fundi wa baruti hawashi utambi mpaka shimo liwe tupu, na anayejua kama ni tupu ni mshika bendera, anayesimama juu ya mwinuko ambapo mawe hayafiki. Bendera ikiwa juu, hakuna kuwasha. Ikishuka, kila mtu aliye pale anaziba masikio.

Aliyeishika kabla yake alikuwa bwana mmoja mcheshi, mpenda watu. Siku moja alichungulia, akaona shimo tupu, akaishusha. Kaka yake Bendera alikuwa nyuma ya jabali, anajisaidia. Walimkusanya kwa beleshi.

Watu hawakungoja polisi. Waliokota mawe, na mawe pale hayatafutwi. Bendera naye aliokota lake, la ukubwa wa ngumi, akalirusha, na lilipotua alipaona: jicho la kulia. Yule bwana alipona, jicho halikupona. Hakuna aliyejua jiwe lile lilikuwa la nani, maana yalirushwa mengi, na Bendera hakusema, hata kwa mama yake. Siku tatu baada ya mazishi akaenda kuiomba bendera. Aliapa kwamba shimo lile halitammeza mtu mwingine.

Chenga zilianza wiki hiyo hiyo. Wala hazikuja peke yake. Mtu akipita mbele yake, umbo lilibaki limesimama pale pale ilhali mwenyewe keshaondoka. Kila sauti ikipaa kwa hasira, dunia ilirudi nyuma na kumwacha.

Mama yake alimpeleka hospitali. Daktari wa macho akamulika, akageuza kope, akampa herufi asome. Bendera alizisoma zote mpaka mstari wa mwisho, ule wa herufi ndogo kama sisimizi.

"Macho yako mazima, kuliko hata yangu," daktari akasema.

"Mazima gani, daktari?" mama akadakia. "Mwanangu anapapasa mlango wa nyumba yake!"

"Sisemi anadanganya, mama. Anachosema anakiona, anakiona kweli. Hofu ikikaa mwilini muda mrefu, akili hujitenga, na macho huifuata. Dada, kuna jambo lilikutisha?"

"Kaka yangu alikufa."

Nusu ya ukweli ilitoka. Jiwe hakulitaja. Akaandikiwa arudi azungumze na mtaalamu wa mambo hayo, lakini hakurudi. Machimboni, ukikosa siku moja, unakuta nafasi yako ina mtu.

Basi akajitafutia njia. Watu wakishapanda kutoka shimoni, hakuhesabu vichwa kwa macho. Aliwaita, tena kwa majina yao ya utani.

"Mwanya!"

"Nipo, mpenzi!"

"Tumbo!"

"Limetangulia, mimi nafuata!"

Walicheka wakidhani anawachangamsha. Sauti kumi na mbili zikitimia, ndipo bendera ishuke. Nyapara peke yake ndiye aliyeuchukia mchezo huo. "Macho unayo, unaita ya nini? Nikisikia tena unapapasapapasa, bendera naichukua, urudi kuponda kokoto." Na Bendera alijua kwamba kwa macho yale nyundo ingemmaliza vidole, na kwamba atakayepewa bendera atachungulia tu, kama yule wa kwanza.

Siku ya siku malori matano yalikuwa yamepanga foleni, na madereva wanapiga honi. Nyapara alikuwa mwekundu wa macho. Filimbi ikalia, watu wakapanda, Bendera akaita. Sauti kumi na moja.

"Kobe!"

Kimya. Kobe alikuwa mzee wa nyundo, mwendo wake wa polepole, masikio yake yameliwa na baruti.

"Kobe!"

"Si yule pale kibandani!" Nyapara akafoka. "Shati la bluu! Huoni?"

"Naona. Naona mawili."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Chenga zilishaanza kutambaa, na shati la bluu lilikuwa likisogea na kubaki, likisogea na kubaki.

"Sauti yake sijaisikia. Sishushi."

Nyapara alimpiga kofi, kisha ngumi. Bendera akaanguka kwa goti, mlingoti wa bendera kaukumbatia kwa mikono miwili. Akapigwa teke la mbavu. Alijiona kwa juu, mwanamke fulani anayepigwa, hata maumivu yalikuwa ya yule mwanamke. Nyapara akaushika mlingoti na kuuvuta, Bendera akamng'ata kidole mpaka akasikia mfupa.

"Washa, fundi!" Nyapara alipiga yowe. "Washa wewe!"

"Mimi nawasha kwa bendera," fundi akajibu kutoka chini ya mwinuko, kwenye ncha ya utambi, kiberiti mkononi. "Siwashi kwa mdomo wa mtu."

Ndipo kichwa kikachomoza kwenye njia ya shimoni. Kobe, kifua wazi, mtaimbo begani.

"Mnapigania nini nyie? Nilisahau mtaimbo wangu."

Watu wote wakageuka kibandani. Shati lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo, linapepea.

Mwanya ndiye aliyeinama kwanza, na jiwe lake la kwanza lilimpata Nyapara kwenye paji la uso. La pili likamwangusha. Tumbo akabeba pande la mikono miwili, akaliinua juu ya kichwa. Bendera hakuwaona vizuri, aliona mikono mingi iliyoinuka, na katikati yao yule bwana mcheshi wa zamani, amesimama, na macho yake yote mawili.

"Jicho lile nililitoa mimi!" Bendera akapiga kelele. Damu ilimruka mdomoni. "Mimi! Jiwe lilikuwa langu!"

Walimtazama. Mawe yalikuwa bado juu. Akasimama kwa kuushika mlingoti, akaita jinsi anavyoita kila siku.

"Mwanya!"

Mwanya alihema. "Bendera, usituingilie..."

"Mwanya!"

"Nipo," akasema, kwa mazoea tu.

"Tumbo!"

"...Nipo."

Akawaita wote, mmoja mmoja. Hakuna aliyetia utani. Kobe alihitaji kusukumwa begani ndipo aitike. Sauti kumi na mbili.

"Nyapara!"

Kisha sauti kutoka mavumbini, nyembamba kama ya mgonjwa: "Nipo."

Shimo lilikuwa tupu. Bendera akaishusha bendera, na fundi akawasha utambi. Kila mtu alijua kinachofuata, na hakuna awezaye kuziba masikio akiwa na jiwe mkononi. Aliyasikia mawe yakianguka, moja baada ya jingine, kabla ya mlipuko.