Tabita Waliyemwita Redio

Vijana wa shule ya Jumapili walimbandika mwalimu wao Tabita jina la Redio. Akiingia tu darasani Jumapili asubuhi, mmoja anakohoa, mwingine ananong'ona, "Haya, redio imewashwa," na midomo yote inafungwa. Mistari ya Biblia walimjibu neno kwa neno, basi. Hakuna aliyemwambia hata kwamba kichwa kinamuuma.

Hakuwalaumu. Rahela, binti wa miaka kumi na saba, alimwambia yeye peke yake kwamba ana mimba. Tabita akawaambia wazee wa kanisa, maana ndivyo utaratibu ulivyotaka. Jumapili iliyofuata Rahela alisimamishwa mbele ya watu wote, jina lake likafutwa kwenye daftari la kanisa. Tabita alikuwa amekaa nyuma yake, akaiona shingo ya yule binti inavyoiva wekundu mpaka masikioni. Alipojifungua, Rahela alikwenda Italia kutunza wazee wa watu, mtoto akamwachia mama yake, Veta.

Miaka saba Tabita alilivumilia lile jina. Msimu huu majani yalipoanza kuanguka, akamwendea mzee Iosif.

"Nipeni watoto wadogo, mzee."

"Huko ni kufuta kamasi tu, dada Tabita."

"Kamasi nitaziweza."

Damaris, mtoto wa Rahela, alikuwa katika darasa hilo la wadogo. Akikariri mstari vizuri alinyoosha mkono kimya, abandikiwe kinyota chake cha karatasi. Tabita aliona sweta limefungwa vifungo upande, nywele zinanuka moshi. Jumapili moja ya Desemba akaona na kidonda cha moto kwenye kiganja.

"Umeungulia wapi, mama?"

"Jikoni."

"Na bibi alikuwa wapi?"

Mtoto alitazama mlango. "Shangazi, nikikuambia utasema?"

Miaka ile Rahela naye alimuuliza hivyohivyo, wamesimama palepale mlangoni, penye makoti.

"Sisemi."

"Apa."

"Sisi hatuapi, Damaris."

"Basi sema kweli tu."

"Kweli, sisemi."

"Bibi huanguka. Anatetemeka, halafu analala. Ugali nasonga mimi. Amesema watu wakijua watanipeleka kwa mayatima."

Jumatatu Tabita alibeba chupa ya jamu ya plamu mpaka kwa Veta. Veta aliipokelea getini, uso umepauka kama unga.

"Siku hizi unatembelea watu? Wazee wamekutuma?"

"Sijatumwa, dada Veta. Nimekuja tu."

"Haya, amani," akasema Veta, akafunga.

Jumatano alifika mpaka kwenye zahanati. Akashika kitasa. Akaiona tena ile shingo, akaona na vidole vya Damaris vimeshikana kwenye sweta, akageuka na kurudi nyumbani kupika. Alijiambia kwamba safari hii hatamsaliti mtoto. Usiku alijiambia tena, kwa maana mara ya kwanza haikukaa vizuri.

Ijumaa theluji ilianguka. Jumamosi asubuhi kila bomba la moshi kijijini lilikuwa linafuka isipokuwa la kwa Veta. Tabita alikimbia na ndara zake za ndani.

Veta alikuwa sakafuni karibu na jiko, mto umewekwa chini ya kichwa, koti limefunikwa vizuri mpaka kidevuni. Damaris alikaa pembeni yake, amevaa soksi za bibi juu ya soksi zake. Ndani kulikuwa na baridi kama nje.

"Tangu lini?"

"Jana, tulipomaliza kula."

Tabita alipiga magoti, akagusa mkono wa Veta, umekwisha kukakamaa. Akauacha.

"Kwa nini hukumwita jirani, mwanangu?"

"Jirani aligonga. Nikanyamaza mpaka akaondoka." Alikuwa ameinua uso kama anavyouinua darasani akimaliza mstari bila kukosea, anangoja kinyota. "Na wewe hukusema, eti shangazi?"

"Sikusema," alijibu Tabita.