Mguu Uliompiga Munganga

Siku ya kupimwa kwa kazi ya reli hapa Kindu, munganga Mzungu alinigonga goti kwa kinyundo cha mpira. Niliukaza mguu kama gogo. Enzi zile za Wabelgiji, kumpiga Mzungu teke ilikuwa fimbo na kifungo!

Infirmie wake, muuguzi, mtu wetu, akaninong'oneza: "Ndugu, fungamanisha vidole vya mikono miwili, uvute huku na huku kwa nguvu, mguu usahau kujikaza."

Nikavuta. Kinyundo kikagonga. Teke! Likampata munganga pajani. Nikaapa kwamba mguu umejituma wenyewe.

"Njo vile mguu mzima unafanya!" infirmie akacheka. "Habari inatoka gotini kwa mshipa wa fahamu, inafika mgongoni, inarudi na amri. Kichwa kinaambiwa nyuma, mguu umekwisha kuruka."

Nilimpiga Mzungu teke mchana kweupe, na yeye mwenyewe akaandika: mzima, aanze kesho!