Insha Yangu Ndiyo Iliyofunga Duka la Dawa la Baba Mdogo

Ndugu Mhariri, tafadhali jina langu lisitokee. Hili ninaloliandika sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu aliyeko Lindi, na hata Mungu namwambia nusunusu. Duka la dawa la baba mdogo limefungwa kwa sababu yangu, na lawama anabeba mtu mwingine.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha pili hapa Dar es Salaam. Tangu nimalize darasa la saba naishi Kariakoo kwa baba mdogo, aliyekuwa dresa, mfunga vidonda, hospitalini kabla ya kufungua kijiduka chake. Watu walikuwa wakija na chupa zao, za soda, za mafuta ya nazi zilizooshwa, naye akiwapimia dawa ya kikohozi. Mimi nilikuwa naandika kikaratasi: kijiko kimoja asubuhi, mchana na jioni. Kuongea siwezi. Mwalimu akiniuliza swali nasimama tu naangalia vidole vya miguu. Ulimi wangu naupata kwenye karatasi.

Siku hizi dawa ni za shida, zikija asubuhi hazifiki adhuhuri. Kwa hiyo baba mdogo alikuwa akiwatengea wagonjwa wake wa siku zote. Vidonge vya kifafa na vya pumu alivitia kwenye bahasha za kaki, kila moja na jina la mwenyewe, ndani ya boksi la bati la biskuti chini ya kaunta. Bahasha moja ya kifafa ilikuwa ya Sefu, mtoto wa Mama Mwanahawa anayeuza vitumbua kwenye baraza yetu. Ukituacha sisi wa nyumbani, mama huyo peke yake ndiye aliyeruhusiwa kupita nyuma ya kaunta, akalifungua boksi na kuchukua bahasha ya mwanawe.

Muhula uliopita mwalimu wa Kiingereza alitupa insha juu ya mtu tunayemheshimu. Nikamwandika baba mdogo. Kwa ukweli mtupu ingekuwa nusu ukurasa, na mimi nilitaka isomwe mbele ya darasa. Nikaandika kwamba chini ya kaunta kuna boksi la siri, na kwamba kabla ya kulifungua baba mdogo huangalia kushoto na kulia kama mwizi. Jamani, hajawahi kuangalia kushoto wala kulia! Huinama tu huku akilalamikia kiuno. Nilipata kumi na tisa juu ya ishirini, ikasomwa. Baba mdogo, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye chupa za dawa, alilionyesha lile daftari kwa wateja: "Mwoneni mwanangu! Kumi na tisa! Hiyo moja mwalimu kaibakiza kwa choyo tu."

Msichana mmoja wa darasani kwetu akaliazima daftari aigilizie. Nikampa. Nilijua baba yake anafanya kazi serikalini. Kazi gani, sikuuliza.

Basi siku moja mkaguzi wa maduka ya dawa akaja. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye rafu. Akaangalia leseni, akanusa chupa, akasoma tarehe za dawa, kila kitu sawa. Nikadhani anaaga. Akasema kwa upole, "Sasa ndugu, tuone na lile boksi ambalo mpaka uangalie kushoto na kulia."

Maneno yangu, kutoka kinywani mwa mtu nisiyemjua!

"Hizo ni za wagonjwa wangu," baba mdogo akasema. "Soma majina hayo."

"Dawa ya wananchi inakaa rafuni, ndugu. Ukiitia kwenye boksi, umeificha."

"Nani amekwambia habari hii?"

"Kazi yangu kukagua, siyo kutaja watu."

Akachukua boksi, akapiga lakiri mlangoni. Mimi nimesimama na kitambaa changu mkononi. Neno moja tu lingetosha: nilitunga. Sikulisema.

Jioni hiyo mama mdogo akaanza: "Nani mwingine anayelijua boksi? Si huyo huyo mliyempa baraza?" Kesho yake baba mdogo, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akalibeba karai la Mama Mwanahawa mpaka barabarani. "Ulilipwa nini wewe?"

"Mimi, Dokta? Nikaishitaki dawa ya mwanangu mwenyewe? Homa imekupanda kichwani?"

Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka.

Dawa za Sefu zimekwisha. Juzi alianguka bombani, akapasuka kidevu. Nilikuwa pale pale kwenye foleni na ndoo yangu. Mama yake, kanga imelowa damu, akanishika mkono: "Mwanangu, wewe msomi, nisemee kwa baba yako. Wewe anakusikiliza." Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Nikakinga maji nikaondoka.

Leo baada ya alasiri shauri liko kwa mjumbe wa nyumba kumi. Baba mdogo anataka Mama Mwanahawa asiikanyage tena baraza ile, na shahidi wake ni mimi, niseme kwamba nilimwona akilifungua boksi. Na ni kweli nilimwona. Hapo ndipo ninapokufa: nitasema kweli, na itakuwa uongo.

Nikikiri, mama mdogo atanirudisha Lindi na shule itakuwa imeishia hapo. Na baba mdogo ataniitaje tena mwanangu? Nishaurini ninyi mliokula chumvi nyingi, nifanye nini? Najua majibu yenu yatatoka gazetini shauri limekwisha zamani, ila sina mwingine wa kumuuliza.

Adhana imekwisha. Nasikia ndala za baba mdogo ukumbini. Ananiita: "Mwanangu, umevaa? Mjumbe anatungoja." Tangu asubuhi kila mtu akipita naisukuma karatasi hii chini ya godoro. Ndala zimefika mlangoni. Naiacha mezani, hapo atakapoiona.